Kidole Changu kwenye Karatasi ya Kwari

Mwanangu, iko siku ya utoto wangu ambayo hunijia bila kualikwa, hasa nikikaa peke yangu kuota jua la asubuhi. Siku hiyo haina uhusiano na jambo ninalotaka kukuambia. Lakini vumilia. Mzee haingii kwake kwa kuruka ua, hata kama mlango uko upande wa pili wa boma.

Tulikuwa tunakaa karibu na Ekalakala, na baba alikuwa na ng'ombe sita. Hiyo siku walikuwa wamevuka mto kwenda kula majani ya ng'ambo, kwa sababu upande wetu jua lilikuwa limeshakula kila kitu. Kwetu hakukunyesha hata tone. Mvua ilinyesha mbali, milimani, na sisi tukaona tu maji ya matope yanakuja yakiwa na magogo na mbuzi aliyekufa. Baba akakimbia hadi ukingoni akaanza kuita. Sauti yake ilikuwa ya mtu mpole, maji yakaimeza. Basi mimi, mtoto wa kama miaka tisa, nikapanda juu ya jiwe, nikakunja viganja mdomoni, nikamwita yule ng'ombe aliyekuwa akiongoza wenzake. Jina lake Ndune, yaani mwekundu kwa Kikamba, maana ndiyo ilikuwa rangi yake. Niliita mara moja tu. Ndune akainua kichwa, akageuka, akapanda mlima na wenzake wakamfuata, na pale walipokuwa wamesimama pakawa maji matupu.

Mama alinipa maziwa siku hiyo, kikombe kizima, na kaka zangu wakanichukia hadi Jumapili. Akasema, "Sauti ya huyu mtoto itamlisha." Mama alikuwa mtu wa kusema jambo likawa. Alisema shangazi yangu atazaa mapacha, akazaa. Alisema mwalimu wangu atahamishwa, akahamishwa, na mimi nikaacha shule darasa la tatu, ingawa hilo halikuletwa na mwalimu. Lililetwa na njaa, lakini tuache.

Ni kweli, sauti ilinilisha. Nilipofika kama miaka kumi na tisa nilitoka nyumbani pamoja na Mutinda, mwana wa jirani yetu Mzee Ndolo, tukaenda Mlolongo kutafuta kazi kwenye kwari za mawe. Usifikirie Mlolongo hii ya maghorofa ya kupangisha. Wakati huo kulikuwa na malori, vumbi, mama wachache wa chai, na mashimo. Mutinda alikuwa amenitangulia kuoa. Mke wake, Kalekye, alibaki nyumbani kwa wakwe na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mutinda alikuwa na mikono ya kuvunja mawe. Mimi mikono yangu ilikuwa kama ya karani, lakini bila kalamu.

Mnyapara alinitazama akacheka. "Huyu nani amemleta? Huyu jiwe litamvunja yeye."

Mutinda akamwambia, "Mzee, huyu si wa nyundo. Mwambie apige kelele."

"Haya, piga tusikie."

Nikapiga. Mama wa chai, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara, akaangusha kikombe. Mnyapara akajikuna shingo akasema, "Mpeni kitambaa."

Sasa, mwanangu, nikueleze hiyo kazi ya kitambaa, kwa sababu usipoielewa hutanielewa mimi. Kwari yetu ilikuwa na mashimo matatu: la juu, la kati na la chini. Mwamba ukikataa nyundo, unapasuliwa kwa baruti. Kabla ya kuwasha utambi, mtu mwenye kitambaa chekundu alisimama juu ya kifusi akaita, "Baruti!" Aliita akielekea shimo la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu. Katika kila shimo kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutoka wa mwisho. Akishaona wenzake wote wametoka, naye anatoka akiitikia, "Tupu!" Yaani shimo ni tupu. Mwenye kitambaa akishasikia tupu tatu, anainua kitambaa, na mwasha utambi anawasha. Shimo lisipoitikia, unashuka kwa miguu yako kwenda kutazama. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote. Mwasha utambi, mzee mmoja aliyekosa vidole viwili, aliniambia siku ya kwanza: "Kijana, watakuambia kazi yako ni mdomo. Usikubali. Kazi yako ni masikio."

Nilimsikia. Kusikia ni rahisi, kushika ndiyo kazi.

Mtu wa mwisho wa shimo la chini alikuwa Mutinda. Na Mutinda alipenda mzaha kuliko chakula. Mara mbili alinyamaza makusudi nilipoita, nikashuka mlima wote ule wa mawe nikitokwa jasho, nikamkuta amekaa kwenye kivuli anacheka. "Nilitaka unyooshe miguu," akasema. "Unalipwa kupiga kelele kama mke wa pili, halafu hutaki hata kutembea." Wenzake walicheka wiki nzima. Nikawa naitwa Mke wa Pili kwari yote, hata na mama wa chai.

Mara ya tatu haikuwa mzaha.

Ilikuwa mchana, kama saa saba. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Athi, ule upepo mkavu unaojaza mchanga kwenye meno. Malori yalikuwa yamepangana yanangoja mawe, na madereva walikuwa wanapiga honi kama watu waliofiwa. Nikaita. Shimo la juu likasema tupu. La kati likasema tupu. La chini, kimya. Nikaita tena. Kimya.

Mnyapara akapaza sauti kutoka kwa malori, "Wewe Muli, unangoja nini?"

Nikamwambia, "La chini halijaitikia."

"Si umeita?"

"Nimeita."

"Basi!"

Nilisimama pale kwa muda wa kumeza mate mara tatu. Nakuambia ukweli wangu, sikumwogopa mnyapara. Hilo ndilo nimekuwa nikiwaambia watu, kwamba mnyapara alinisukuma, lakini mnyapara alikuwa mbali na alikuwa na mdomo tu. Nilimfikiria Mutinda amekaa kwenye kivuli anazuia kicheko. Nikafikiria ile njia ya mawe, na jua, na Mke wa Pili. Nikasema moyoni, leo hunipati. Nikainua kitambaa.

Tulimpata na kiatu kimoja. Kile kingine kilikuwa kimenaswa katikati ya mawe mawili, na mguu ndani yake. Alikuwa amekwama. Labda aliitikia, akasema "Bado!", na upepo ukalichukua neno lake ukalipeleka kwingine. Labda hakusikia. Labda aliona aibu kupiga kelele kwa sababu ya kiatu. Sijui, mwanangu. Nimekaa na hizo labda tatu maisha yangu yote, na hakuna hata moja inayonipunguzia kitu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, karani wa kwari aliniita kwenye stoo. Alikuwa kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa katika vumbi lote lile, sijui alifanyaje. Alinipa chai, yenye maziwa. Kwenye meza kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu na kile kidude cha wino.

"Muli, pole sana kwa rafiki yako," akasema. "Kuna mtu wa serikali anakuja kuuliza, kwa hivyo tumeandika maelezo ya wale waliokuwa pale. Nikusomee?"

Akasoma, polepole, kama padri wa zamani aliyekuwa akisoma misa tusiyoielewa. Yalikuwa maneno mengi, lakini sentensi mbili zilibaki kichwani kama mbigili kwenye soksi. "The men were properly warned. The pit was carelessly entered."

"Sasa nisomee kwa lugha ya watu."

"Watu walionywa ipasavyo. Shimo liliingiwa kwa uzembe."

Nikanywa chai. Nikauliza, "Walionywa na nani?"

Akatabasamu. "Wewe, kwani unataka jina lako liingie hapo? Nikiweka, naliweka sasa hivi, mashine hiyo hapo. Walionywa na Muli. Halafu mtu wa serikali atakuuliza, Muli, ulisikia tupu ngapi? Utamjibu wewe, si mimi."

"Hapana. Wacha."

"Umeona? Kizungu kiko na huruma, ndugu yangu. Kinaweza kusema jambo limefanywa, na mwenye kulifanya asionekane hata kivuli."

"Na hilo la ipasavyo?"

"Hilo ni la wenye kwari." Akanisogezea wino. "Wewe chukua hilo la kukosa jina, wao wachukue hilo la ipasavyo. Kila mtu aende nyumbani na chake."

Nikatia kidole.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua wewe umezaliwa juzi na hujui tulivyokuwa. Sisi Wakamba tulikuwa na kiapo chetu, kithitu. Hata leo mtu akikitaja sokoni, wengine wanakumbuka ghafla wameacha mlango wazi nyumbani. Kithitu hakina njia za kando. Unasimama mbele ya watu, unataja jina lako na la baba yako, unasema: mimi, kwa mkono wangu huu, nilifanya hivi, au sikufanya. Ukidanganya, kifo kinaingia nyumbani kwako na hakichagui, kinaanza na ndama kinamaliza na watoto. Sisi wengi tulikuwa tumeshabatizwa, tulisema hatuamini tena. Lakini tuliogopa vilevile. Hofu haibatizwi.

Sasa tazama ujinga wetu. Mtu ambaye hangesema uongo mbele ya kithitu hata ungempa mbuzi zizi zima, mtu huyohuyo alikuwa anatia kidole kwenye karatasi ya Kizungu kabla chai haijapoa. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijihesabia hivi: sijataja jina langu. Sijafungua mdomo. Kidole si ulimi, na Kizungu si kiapo. Nilitoka kwenye stoo nikajifuta wino kwenye suruali nikadhani nimepona.

Karatasi ile ilifanya kazi yake. Mtu wa serikali alikuja, akaisoma, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Mzee Ndolo alipokwenda ofisini kuuliza haki ya mwanawe aliyefia kazini, alionyeshwa mistari miwili ile ile. Mwanao alionywa ipasavyo, mwanao aliingia kwa uzembe, tunakuombea faraja. Hakuna kitu kwa Kalekye, hakuna kitu kwa wale watoto, yule wa mgongoni na yule aliyezaliwa miezi miwili baada ya baba yake kuingia mchangani. Na unajua watu. Neno uzembe lilitoka Mlolongo likiwa uzembe, likafika nyumbani likiwa pombe. Mutinda, ambaye hata pombe ya harusi yake aliionja tu kwa heshima ya wazee, akawa mlevi aliyejiua mwenyewe. Wanawake wakimuona Kalekye kisimani walikuwa wanapunguza sauti. Alivumilia msimu mmoja wa mahindi, kisha akarudi kwao na watoto wake. Mzee Ndolo akabaki na boma lenye kaburi.

Hayo yote nilijua. Ningeweza kuyaondoa kwa maneno machache. Nilikuwa natembea nayo mdomoni kama mtu aliyebeba maji ya moto, asiyeweza kuyameza na anayeogopa kuyatema.

Miaka imeenda. Sasa mimi ni mlinzi wa lango katika shule ya msingi moja hapa Kyumbi. Kazi nzuri kwa mzee; nafungua, nafunga, nafukuza mbuzi wa watu. Kiti changu kiko chini ya dirisha la darasa, na kwa hivyo nimesoma zaidi nikiwa mlinzi kuliko nilivyosoma nikiwa mwanafunzi. Najua sehemu za ua. Najua sayari, ingawa siziamini zote.

Mwaka huu, asubuhi moja, watoto walikuwa wanaimba Kizungu pamoja na mwalimu wao, Mwende, binti mpole ambaye mama yake namfahamu. "The house was carefully built! The food was quickly eaten! The boy was badly hurt!" Maneno yale niliyaelewa nusu nusu, lakini mwendo wake niliutambua. Ulikuwa ni ule ule wa karani.

Wakati wa mapumziko nikamwita. "Mwalimu, huyo mtoto wa mwisho, aliumizwa na nani?"

Akacheka. "Aii, Mzee Muli! Hapo hatutaki kujua ni nani. Nawafundisha tu mahali pa kuweka 'badly', yaani vibaya."

"Na nyumba, nani aliijenga?"

"Pia hatujui. Imejengwa tu, kwa uangalifu." Akaona sicheki. "Mzee, uko sawa?"

Nikamwambia yale maneno ya karani, kama nilivyoyasikia, na mdomo wangu huu usio na meno ya mbele. Akanifanya niyarudie. Akaokota kijiti akayaandika mchangani, akayatazama kwa muda mrefu. Mtoto mmoja alikuja akisema ameibiwa penseli, akamwambia ngoja.

"Nani aliandika hii?" akauliza.

"Mtu mmoja. Zamani."

"Huyo mtu alijua anachofanya." Akafuta 'properly', lile neno la ipasavyo, kwa kidole. "Soma sasa. Watu walionywa. Ukisikia hivyo, unauliza nini?"

"Nauliza, walionywa na nani? Walionywa namna gani?"

"Eeh. Sasa rudisha." Akaliandika tena, pale katikati. "Watu walionywa ipasavyo. Sasa huulizi, kwa sababu umeshajibiwa kabla hujafungua mdomo. Aliyefanya ameondolewa, na hili neno limeachwa mahali pake liongee. Unaona linapokaa, Mzee? Kati ya 'were' na 'warned', linabanwa huku na huku, hata halionekani kama ni mtu ameliweka. Linaonekana kama limezaliwa hapo."

"Kwa hivyo ni neno baya."

"Si baya. Watoto wangu wanalihitaji wapite mtihani." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Hapo ni kiti tu, Mzee. Ukweli unakitoshea na uongo pia unakitoshea. Pale pale unaweza kuandika 'never'. Watu hawakuonywa kamwe. Kiti ni kile kile. Kazi ya mwenye kuandika ni kujua anamkalisha nani."

Kengele ikalia. Akafuta mchanga kwa kiatu akaenda kumtafutia yule mtoto penseli yake. Hakuniuliza zaidi. Nadhani aliyaona usoni pangu.

Mwanangu, nimekuleta mbali. Sasa nitasema nasaha yangu kabla sijamaliza kisa, kwa sababu nikifika mwisho wake huwa sina sauti ya kunasihi mtu.

Ninyi mmesoma. Mnafanya kazi viwandani Mavoko, mnafanya kazi kwenye ofisi zenye feni, na kila siku mnaandika. Mtu amekatwa kidole na mashine, mnaandika. Mama amekaa kwenye benchi la hospitali hadi mtoto akamfia mapajani, mnaandika. Na lugha mnayoandikia inawaruhusu kusema mtoto alihudumiwa haraka, mashine ilikaguliwa kikamilifu, familia iliarifiwa vizuri. Haraka kwa saa ya nani? Kikamilifu kwa macho ya nani? Kabla hujaweka neno dogo kama hilo, ondoa mkono kwenye mashine yako, umfikirie mtu mmoja tu: yule ambaye jambo lenyewe lilimpata. Kama angekuwa amesimama nyuma yako anasoma, ungeliweka? Basi weka. Kama ungelifunika kwa kiganja, liondoe.

Na kama wewe ndiye uliyefanya, weka jina lako. Najua linauma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilificha nikaumbuliwa polepole, kwa miaka, bila kufa. Ukweli ungenitoa kazini, labda ungenipeleka jela. Lakini jela ina siku ya kutoka. Usidanganywe na karatasi inayokuficha. Inakuficha kwa watu tu. Usidanganywe pia na mwenzako anayekuambia kila mtu aende nyumbani na chake. Yuko mtu ambaye hayuko kwenye hicho chumba, na chake ndicho mnachogawana.

Tena usingoje. Mimi nilidhani nitasema mwaka kesho, nitasema nikioa, nitasema mnyapara akihama. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu hukua akaenda zake. Majuto yangu hayajaenda popote.

Mungu akupe mkono usiotetemeka ukiandika, na akupe usingizi ukimaliza kuandika. Akupe watoto watakaokuuliza maswali, na akupe majibu yenye jina lako ndani yake. Nyumba yako isikose maziwa. Nimekubariki, na baraka ya mtu aliyekosa ni baraka vilevile, kwa sababu anajua anakuombea uepushwe na nini.

Sasa mwisho wake.

Mzee Ndolo alikuja kwari Jumamosi moja, wiki chache baada ya kutoka ofisini. Alisafiri kwa lori la mchanga, akashuka akiwa mweupe wa vumbi hadi kope. Alinikuta nimekaa juu ya kifusi na kitambaa changu shingoni. Alinisalimia kwa Kikamba, akaniuliza habari za mama yangu kana kwamba hawakuwa wameonana sokoni juzi yake. Kisha akakaa chini, kwenye mawe, mzee mzima, akavua kofia.

"Muli," akasema, "wazee nyumbani wanataka tulete kithitu hapa. Wanasema kila aliyekuwepo aape. Nimewakataza."

Akageuzageuza kofia mikononi, akaendelea.

"Mimi ni mtu wa kanisa. Na tena nimezika mmoja, sitaki kuzika wa jirani. Wewe ulikula kwangu. Mama Mutinda alikuwa anakupikia wewe na yeye sufuria moja, mnapigania ukoko." Akatabasamu kidogo. "Kwa hivyo sitaki kiapo. Nimekuja tu kukuuliza, kama mtoto wangu. Nataka niende nikamwambie Kalekye kwamba mume wake hakuwa mlevi, na niwaambie na wale wanaonong'ona. Nitaamini utakachoniambia. Je, aliitwa?"

"Aliitwa, Mzee."

"Na nani?"

Chini yetu watu walikuwa wanapiga nyundo. Nilikuwa na jibu la neno moja, neno nililopewa na mama siku niliyozaliwa. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Aliitwa vizuri, Mzee. Ipasavyo."

Aliniangalia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo sijawahi kulisamehe.

"Sikukuuliza vizuri," akasema. "Nimekuuliza na nani."

Nikaangalia vidole vyangu.

"Na aliitikia?"

Nikaendelea kuviangalia. Alingoja. Alingoja kama mkulima, mtu aliyezoea kutazama mbingu isiyo na kitu. Mnyapara akaniita mara ya kwanza. Akaniita mara ya pili. Sikuinuka.

Mzee Ndolo akashika goti lake, akainuka kwa shida. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaupita kama mtu anayepita tawi. Akajipangusa suruali. Akavaa kofia.

"Haya," akasema.

Akashuka kwenye kifusi kwa uangalifu, akapita katikati ya malori, akangoja gari moja lipite, akavuka barabara. Hakuangalia nyuma. Hakurudi tena.